Tope la sakafu ya bahari linawezaje kuthibitisha tetemeko la kale?

Mwalimu_wa_Jiografia

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha jiografia kidato cha tano na cha sita, na katika mada ya matetemeko ya ardhi nimekutana mara kadhaa na maelezo kwamba wanasayansi wameorodhesha matetemeko makubwa ya miaka 10,000 katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, mahali ambapo kumbukumbu za maandishi hazifiki hata karne tatu, na kwamba orodha hiyo wameitoa katika tope la sakafu ya bahari. Kanuni ya jumla ninaielewa: tetemeko hutikisa mteremko wa chini ya maji, mashapo huporomoka na kugeuka mkondo wa tope na mchanga unaoteremka kwa kasi kwenye makorongo, kisha mkondo ule hutulia katika kina kirefu na kuacha tabaka.

Kinachonitatiza ni hatua inayofuata. Mteremko unaweza kuporomoka kwa sababu ya tufani, mafuriko ya mto mkubwa, au mashapo kulundikana hadi yakashindwa kujibeba. Mtu aliyeshika tabaka la mchanga lenye unene wa sentimita kumi anajuaje kwamba lililetwa na tetemeko na si na mojawapo ya hayo mengine? Tena, wanafunzi wangu wameuliza jambo ambalo vitabu tulivyo navyo havilijibu: kama hakuna aliyeandika chochote, tarehe inayotajwa kwa tetemeko la mwisho, yaani Januari 1700, imetoka wapi? Mwisho, ningependa kujua kama kuna kazi yoyote ya namna hii iliyofanyika katika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Mashapo

Mwalimu, salaam. Nimefanya kazi katika maabara inayopokea sampuli za aina hii, kwa hiyo niruhusu nianze na kitu chenyewe kinavyoonekana, maana nusu ya mashaka hutokana na kulifikiria tabaka bila kuliona.

Meli hushusha bomba la chuma lililofungiwa uzito mkubwa kwa juu, na ndani yake kuna bomba jingine la plastiki. Likibakiza mita chache kufika chini, huachiwa lidondoke na kujichimbia katika tope kwa uzito wake. Likishapandishwa sitahani, lile la plastiki hukatwa vipande vya mita moja au moja na nusu, na kila kipande hupasuliwa kwa urefu kuwa nusu mbili: moja ya kufanyia kazi, nyingine ya kuhifadhiwa bila kuguswa. Tope la kawaida la kina kirefu lina rangi ya kijivu inayoelekea kijani, ni laini, na limetobolewa-tobolewa na minyoo. Hilo hutua polepole mno. Mbali na midomo ya mito, miaka 1,000 inaweza kukuachia sentimita kumi tu au pungufu. Kisha, pasipo dalili yoyote ya kuandaa jicho, unakuta mstari mkali, na juu ya mstari huo kuna mchanga mweusi ambao kadiri unavyopanda ndivyo chembe zake zinavyozidi kuwa ndogo, mpaka unaishia katika tope ambalo macho hayawezi kulitenga na lile la kawaida. Ndipo fundi mzoefu anapochukua chembe ya tope na kuitia baina ya meno ya mbele: likikwaruza, bado lina vumbi la mchanga lililoletwa na mkondo, lisipokwaruza, ni udongo mtupu. Mashine za kupima usumaku na skana kama zile za hospitali huja baadaye kuthibitisha alichokisikia mdomoni.

Mpaka hapo nimekueleza mkondo, sijakueleza tetemeko. Hapa mimi na wewe tunakubaliana kabisa: tabaka moja katika bomba moja halithibitishi chochote kuhusu chanzo chake. Hakuna alama ndani ya mchanga isemayo «mimi ni wa tetemeko». Ushahidi hutafutwa kwa kulinganisha mahali na mahali, kwa sababu tetemeko kubwa ni miongoni mwa matukio machache yanayoweza kuporomosha makorongo yaliyo mbalimbali, kwa mamia ya kilomita, katika dakika zile zile.

Mfano ulioifanya mbinu hii ijulikane ni wa pwani hiyo hiyo uliyoitaja, inayoitwa Cascadia, kuanzia kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa California, ambako bamba la bahari linazama chini ya bamba la bara. Baharini, mbele ya jimbo la Washington, kuna makorongo kadhaa ambayo yanaanzia sehemu mbalimbali za ukingo wa bara, na mikondo yake hukutana huko chini katika njia moja. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walikuwa wamekusanya sampuli nyingi za eneo hilo kwa malengo mengine. Walikuwa na kipimo kizuri cha muda: majivu ya volkano ya Mlima Mazama, uliolipuka kati ya miaka 7,000 na 8,000 iliyopita na kuacha bonde ambalo leo ni ziwa liitwalo Crater Lake, majivu ambayo mito iliyabeba hadi baharini. Ukihesabu matabaka ya mikondo yaliyokuja baada ya majivu hayo kuanza kuonekana, unapata 13 katika korongo hili, na 13 katika lile.

Sasa fikiri juu ya sehemu ya chini ya makutano. Kama kila korongo lingekuwa linaporomoka kwa wakati wake, leo hili kwa tufani na baada ya miaka hamsini lile kwa mafuriko, basi chini ya makutano tungetarajia kukuta jumla yake, yaani matabaka 26 au karibu na hapo. John Adams, mwanajiolojia wa Kanada, alizipitia sampuli hizo upya na kuchapisha hoja yake mwaka 1990: chini ya makutano matabaka yalikuwa 13 tu. Maana yake ni kwamba mikondo kutoka makorongo mbalimbali ilifika pale ikiwa bado haijatulia, ikaungana na kuwa mmoja, na jambo hilo lilijirudia mara 13. Tufani haiwezi kupangilia makorongo kwa saa namna hiyo mara 13 bila kukosea hata moja. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya hoja nzuri kuliko zote katika jiolojia, na haikuhitaji kifaa chochote zaidi ya kuhesabu.

Zingatia pia kwamba kuhesabu huku kunafanya kazi ambayo kaboni-14, kipimo cha umri wa mabaki ya viumbe, haiwezi kuifanya. Ili kupata umri wa tabaka, tunachukua tope la kawaida lililo chini yake kidogo, tunalichekecha kwa maji, kisha mtu anaketi kwenye hadubini na brashi iliyoloweshwa ncha akiokota magamba ya foraminifera, viumbe vidogo mno vya baharini, moja moja, mara nyingi mamia, mpaka apate miligramu chache za kupeleka kwenye kipimo. Tope hilo huchukuliwa katikati ya bomba, kwa sababu kuta za bomba huburuta kingo za matabaka kuelekea chini. Hata ukifanya yote kwa uangalifu, maji ya bahari yenyewe yana kaboni iliyokwisha kuzeeka kwa mamia ya miaka, na kiasi hicho hubadilika mahali hadi mahali. Tena mkondo unapopita huweza kukwangua sehemu ya tope lililokuwapo, na pamoja nalo miaka ambayo hutaiona tena. Jibu hutoka likiwa na shaka ya miongo kadhaa, pengine karne. Kwa hiyo kaboni inaweza kusema kwamba matabaka mawili yanakaribiana kwa umri, lakini haiwezi kusema kwamba yalitua siku moja.

Kuhusu Januari 1700, tarehe hiyo haikutoka baharini, na nadhani hapa ndipo wanafunzi wako watakapofurahi. Katika midomo ya mito ya Washington kuna misitu ya mierezi iliyokufa ikiwa imesimama baada ya ardhi kudidimia ghafla na maji ya chumvi kuingia kwenye mizizi. Pete za mizizi yake zilionyesha kwamba miti hiyo ilikufa baada ya msimu wa kukua wa 1699 kumalizika na kabla ule wa 1700 haujaanza. Upande wa pili wa Pasifiki, maandishi ya Japani yanaeleza tsunami iliyofika mwishoni mwa Januari 1700 bila watu kuhisi tetemeko lolote. Kenji Satake na wenzake, mwaka 1996, walipiga hesabu ya muda ambao wimbi huchukua kuvuka bahari wakarudi nyuma hadi usiku wa tarehe 26 Januari, kama saa tatu kwa saa za Amerika. Tabaka la juu kabisa katika sampuli za Cascadia linaoana na tukio hilo, na ndilo linalotupa ujasiri wa kuyasoma yale ya chini yake.

Kasenga

Maelezo ya Mashapo ni mazuri, ila yanaweza kumwacha msomaji akidhani kwamba suala limefungwa, na halijafungwa.

Nianze na mto wetu. Mto Kongo ni wa pekee kwa kuwa korongo lake la chini ya bahari linaanzia ndani ya mdomo wa mto wenyewe. Katikati ya Januari 2020 mkondo wa tope uliteremka katika korongo hilo kwa zaidi ya kilomita 1,100, ukiongeza kasi kutoka kama mita 5 hadi mita 8 kwa sekunde kadiri ulivyokwenda mbali, ukakata kebo mbili za mawasiliano, SAT-3 na WACS, na watu wa nchi kadhaa za Afrika wakaona intaneti yao ikilegea bila kujua kwamba kisa ni tope. Vifaa vya kupimia vilivyokuwa vimetegwa korongoni viling'olewa na vikaibuka juu ya maji, na ndivyo vilivyowapa watafiti muda na kasi. Tetemeko halikuwapo. Kulikuwa kumetangulia mafuriko makubwa ya mto ambayo hayakuwa yameonekana tangu miaka ya 1960, kisha wiki kadhaa baadaye, wakati wa bamvua, mashapo yakaachia. Mtu atakayechimba pale baada ya miaka 3,000 atakuta tabaka safi, lenye mchanga mzito chini na tope jembamba juu, lililosambaa umbali unaozidi urefu wa nchi nyingi. Akiwa na haraka ataliandika katika orodha ya matetemeko.

Kwa upande mwingine, kuna matetemeko yasiyoacha tabaka. Baada ya tetemeko la Sumatra la 26 Desemba 2004, lililozidi ukubwa wa 9, watafiti walichukua sampuli nyingi katika ukingo ule, na kundi moja lililochapisha mwaka 2013 lilisema kwamba halikuona tabaka lililosambaa ambalo lingeweza kuhusishwa na tetemeko lile wala la 2005 lililofuata. Kundi jingine limesoma ushahidi wa eneo hilo kwa namna tofauti. Kama tetemeko kubwa kiasi hicho linaweza kuzua mabishano kuhusu iwapo liliacha alama, basi ukimya wa tope hauthibitishi utulivu wa ardhi.

Hata Cascadia kwenyewe orodha inabishaniwa. Chris Goldfinger na wenzake walichapisha mwaka 2012 orodha ya matukio 41 katika miaka 10,000, na wakasema kwamba 19 kati ya hayo yalipasua ukingo wote kutoka kaskazini hadi kusini. Miaka miwili baadaye Brian Atwater, ambaye ndiye aliyefanya kazi kubwa juu ya ile misitu iliyokufa, pamoja na wenzake, waliandika kwamba wingi wa mashapo na njia ambazo mikondo hupitia vinaweza kuchangia sana katika kuamua idadi ya matabaka utakayoyakuta mahali fulani. Kulinganisha michoro ya usumaku ya mabomba mawili yaliyo umbali wa kilomita 300 na kusema kwamba huu mwinuko ni ule, kunahitaji kujizuia kwingi, kwa sababu jicho la mwanadamu hupenda kuona mfanano.

Sisemi mbinu ni mbovu. Ninasema kwamba hoja ya makutano ina nguvu mahali penye makutano, na nje ya hapo nguvu yake hupungua.

Mashapo

Kaka Kasenga, nakubali mengi, na mfano wa Kongo nitauchukua. Niongeze tu kwamba njia ya kukata shauri si kubishana juu ya matabaka ya kale bali kutazama tetemeko la leo lilivyoandika. Bahati, kama inafaa kuiita bahati, ilitokea New Zealand. Tarehe 14 Novemba 2016 tetemeko la Kaikōura lenye ukubwa wa 7.8 lilitikisa pwani iliyopakana na korongo lililokuwa limekwisha kupimwa vizuri kwa mawimbi ya sauti kabla ya tukio. Meli ya utafiti Tangaroa ilikuwa karibu na ikachukua sampuli siku chache baadaye, wakati tabaka jipya lilikuwa bado ni uji. Ramani ya kabla na ya baada ilionyesha kwamba tani zipatazo milioni 850 za mashapo zilikuwa zimesombwa kutoka korongoni, na tabaka lake lilifuatiliwa kwa zaidi ya kilomita 680 kutoka pale. Kazi iliyofuata ilionyesha kwamba makorongo kadhaa yaliyopangana kwa umbali wa kilomita zipatazo 200 yaliachia tope kwa pamoja, na kwamba yalikuwa yale yaliyotikiswa kwa nguvu zaidi. Kwa mara ya kwanza mtikisiko uliopimwa kwa vifaa uliwekwa kando ya tabaka lililoletwa nao.

Japani nao wana kigezo chao. Tabaka la tetemeko la 2011 katika mfereji wa kina wa Japani lina sesiamu yenye mionzi iliyotoka katika kinu cha nyuklia cha Fukushima, kwa hiyo halina ubishi wa umri. Mwaka 2021 meli Kaimei ilikwenda huko na bomba la mita 40 na kuchukua sampuli katika kina kinachozidi mita 8,000. Faida ya mfereji ule ni kwamba una vibonde vilivyotengana, na hakuna mto unaofika huko. Kinachoingia katika vibonde vingi kwa pamoja kina sababu chache sana za kuwa pale. Humo hutafutwa pia alama ya tetemeko la Jōgan la mwaka 869, na juu yake kidogo majivu ya volkano ya Towada ya mwaka 915, ambayo yanafunga hesabu vizuri kuliko kaboni.

Kuhusu Sumatra kuna jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika. Mteremko unaotikiswa mara kwa mara hushindiliwa. Maji hufukuzwa kutoka baina ya chembe, tope linakaza, na tetemeko linalofuata linakuta kitu kigumu zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa sababu hiyo mahali penye matetemeko mengi si lazima pawe na maporomoko mengi.

Fundi_Kebo

Nitachangia kidogo kutoka upande wa nyaya, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na kwa kuwa somo hili lilianzia huko kuliko watu wanavyofahamu.

Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lenye ukubwa wa 7.2 lilipiga kusini mwa Newfoundland, eneo la Grand Banks. Kebo za simu ya maandishi zilizopita pale zilikatika mara moja, kisha, jambo lililowashangaza wahandisi, zile zilizokuwa mbali zaidi kuelekea kina kirefu ziliendelea kukatika moja baada ya nyingine kwa mpangilio, ya mwisho ikiwa ni zaidi ya saa 13 baadaye. Jumla zilikuwa 12. Kampuni za simu ziliandika dakika ya kila mkatiko, maana kwao ilikuwa ni hasara ya fedha. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing walizichukua tarakimu hizo wakazisoma kama safari ya kitu kimoja kinachoteremka mteremkoni, na ndipo mkondo wa tope ulipopata ushahidi wa wazi wa kuwapo kwake baharini. Mporomoko ule ulizusha pia tsunami iliyoua watu 28 katika rasi ya Burin.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko kebo zote. Mnamo 17 Julai 1998, pwani ya Aitape huko Papua New Guinea, tetemeko la kiasi cha 7.0 lilifuatwa na mawimbi yaliyofika mita 15 na watu zaidi ya 2,000 wakafa. Ukubwa wa tetemeko haukutosha kueleza wimbi la aina hiyo. Uchunguzi wa sakafu ya bahari uliofanyika baadaye ulikuta kipande cha mteremko kilichoteleza karibu na pwani. Tangu hapo imeeleweka kwamba jedwali la ukubwa wa matetemeko peke yake halitoshi kukadiria tsunami. Inabidi ujue mteremko wa mbele ya kijiji umelala vipi na umewahi kuachia lini.

Binti_Pangani

Mwalimu, nijibu sehemu yako ya tatu, kwa sababu kazi ipo, ingawa ni changa.

Kwanza tuwe wazi kwamba ukingo wetu haufanani na Cascadia wala Sumatra. Hakuna bamba linalozama chini ya jingine mbele ya Tanzania na Kenya, kwa hiyo hatutarajii matetemeko ya ukubwa wa 9 hapa. Tulicho nacho ni mipasuko ya chini ya bahari inayohusiana na Bonde la Ufa, pamoja na miteremko mirefu iliyobebeshwa mashapo ya Rufiji na Ruvuma.

Mwaka 2020 yalichapishwa maelezo ya mporomoko mkubwa uliofukiwa chini ya sakafu ya bahari, uliopewa jina la Mafia. Haukugunduliwa kwa bomba, bali kwa mitetemo ya sauti iliyopigwa kupenya mamia ya mita za mashapo, ya aina ile inayotumika katika utafutaji wa gesi. Umefunika zaidi ya kilomita za mraba 11,600 na ujazo wake unazidi kilomita za ujazo 2,500, hivyo ni miongoni mwa mikubwa kabisa inayojulikana duniani. Umri wake ni kama miaka milioni 21 au 22, na watafiti wanauhusisha na kuinuka kwa ardhi wakati Bonde la Ufa lilipoanza. Sitaki mtu auchukue kuwa ni onyo la wiki ijayo. Unatueleza historia ya bara zaidi kuliko hatari ya leo. Hata hivyo, unaonyesha kwamba miteremko hii si ya kudumu.

Mwaka huo huo yalichapishwa matokeo ya Pangani, ambako watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuta tabaka la mchanga lenye magamba ya baharini na mifupa ya watu, katika makazi ya kale yenye umri wa miaka kama 1,000. Walilisoma kuwa ni tsunami iliyovuka bahari, na hesabu zao zinaelekeza chanzo huko Sumatra. Hili ni tabaka la nchi kavu, si la sakafu ya bahari, lakini linaingia katika mjadala huu kwa sababu ile ile aliyoisema Mashapo: likipatikana tabaka la umri huo Sumatra, na jingine Pangani, na mengine katika pwani nyingine za Bahari ya Hindi, hoja itasimama kwa miguu kadhaa. Mwaka 2004 Somalia ilipoteza watu wapatao 300 kwa wimbi lililotoka upande huo huo.

Mwalimu_wa_Jiografia

Ninawashukuru nyote, nina vipindi vya kutosha hapa. Naomba niulize jambo moja linalotuhusu moja kwa moja. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 lilitokea tetemeko baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, lenye ukubwa wa karibu 6, na watu wengi walilisikia majumbani. Je, mtu akienda leo na bomba lake, atakuta tabaka la usiku huo?

Mashapo

Mwalimu, kwa ukubwa huo wataalamu wengi wangesema haielekei, kwa sababu matabaka ya bahari kuu yanayohusishwa na matetemeko kwa kawaida huhusishwa na yale ya 7 na kuendelea. Lakini kuna mfano unaonizuia kukataa moja kwa moja. Mwaka 1601 tetemeko la Uswisi, linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa karibu 6, liliporomosha miteremko ya chini ya maji katika Ziwa Lucerne na kusababisha mawimbi ya mita kadhaa yaliyofika mjini. Michoro ya mitetemo ya ziwa hilo inaonyesha maporomoko mengi katika vibonde tofauti, yote yakiwa yamelala juu ya mstari mmoja wa umri. Ziwa lilikuwa karibu na chanzo, na miteremko yake ilikuwa imelimbikiza tope jingi lisilokaza. Kwa hiyo swali sahihi kwa tukio letu ni umbali kati ya chanzo na mteremko uliojaa, na tope hilo lilikuwa limetulia muda gani tangu liachie mara ya mwisho.

Kama ningepewa meli kwa wiki moja, nisingekwenda na bomba refu, kwa kuwa bomba refu hutawanya na kupoteza sentimita za juu kabisa, na ndizo zenye mwaka 2020. Ningechukua kile kifaa chenye mirija mifupi kadhaa kinachoshuka taratibu na kurudi na maji ya juu ya tope yakiwa bado meupe. Ningechagua vibonde viwili au vitatu visivyopokea maji ya mto mmoja, ili nisije nikachukua mafuriko ya Rufiji ya mwaka huo nikayaita tetemeko. Umri ningeupima kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, inayofaa kwa miaka mia moja na kitu ya karibuni. Nikikuta tabaka jembamba katika vibonde vyote, kwa umri huo, ningeanza kusadiki. Nikilikuta katika kimoja tu, ningeandika kwamba nimekuta mkondo.

Kasenga

Na uchukue pia sampuli katika kibonde cha nne kilicho mbali na chanzo, ambacho hakikutikisika. Kama tabaka lipo hata huko, mmekuta tufani.

Binti_Pangani

Mwalimu, kama wanafunzi wako wako tayari kwa hesabu, wape ile ya makorongo mawili kabla hujawapa jibu: waambie kila moja lina matabaka 13, kisha waulize wanatarajia mangapi chini ya makutano, na idadi gani ingewafanya waikane hoja ya tetemeko. Wengine watasema 26 pekee. Waulize pia wangesema nini kama yangekuwa 19, yaani kati ya 13 na 26.